Bosi Katoka Kidogo

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Naogopa kidogo tu, kiasi cha mtu yeyote mwenye watoto na paa la bati. Ukitaka kuijua, ni ile nchi ambayo ukishuka uwanja wa ndege unakuta bango kubwa limeandikwa KARIBU, na chini yake askari anakuuliza umekuja kufanya nini.

Katika nchi hiyo, ukuta kwa ukuta na sisi, aliishi mwandishi mashuhuri wa riwaya, Mzee Burhani Kitwana. Huko nje walimwita bingwa wa uhalisia wa kimazingaombwe. Maana yake, kama tulivyoelezwa redioni, ni kwamba unaandika mambo yasiyowezekana kwa sauti ya mtu anayetangaza bei ya vitunguu. Tulishangaa sana. Sisi tulidhani hiyo ndiyo taarifa ya habari.

Shida ya Mzee Burhani ilikuwa moja. Kila akibuni jambo, serikali inamtangulia. Aliandika habari ya daraja lililojengwa mahali pasipo na mto, likasubiri miaka saba, likakata tamaa, likang'oa nguzo zake na kwenda kuutafuta mto lenyewe. Kabla kitabu hakijafika dukani, Waziri akazindua daraja la namna hiyohiyo. Alikata utepe, akasimama katikati ya vumbi, akawaambia wananchi, "Mto uko katika hatua za mwisho." Halafu Mzee akaandika zahanati ambayo dawa pekee iliyomo ni picha ya dawa ukutani, na wagonjwa hupanga foleni kuitazama mara tatu kwa siku baada ya chakula. Wakubwa wawili wa afya walikuja nyumbani kwake kumuuliza nani kamvujishia waraka.

Kwa daraja alifungwa miezi kumi na minne. Kwa zahanati, miaka miwili na ushei. Mwenyewe husema alitoka ndani na vitu viwili, kikohozi na mazoea ya kukaa karibu na mlango.

"Sibuni kitu mimi," alikuwa akitwambia. "Macho yangu yamekaa vibaya tu."

Kifungo chenyewe hakikumuuma sana. Kilichomuuma ni Saumu.

Saumu ni binti yake wa pekee. Siku aliyozaliwa, Mzee Burhani alimpokea kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto ulikuwa umeshika kalamu, akamwambia mkewe Bi Riziki, "Mkono huu uliompokea ndio utakaomuoza." Kwetu ndoa ikifungwa, baba ndiye walii. Anashikana mkono na bwana harusi, anatamka kwamba amemuoza binti yake, bwana harusi anasema amekubali. Jambo la dakika mbili. Saumu alikuwa amelingoja miaka tisa.

Mara ya kwanza siku ilipowekwa, baba yuko ndani kwa ajili ya daraja. Mara ya pili, baba yuko ndani kwa ajili ya zahanati. Mashangazi wakamwambia, "Mwanetu, kadhi si yupo? Akuozeshe, dini inaruhusu." Saumu akajibu, "Kadhi hakunibeba." Mchumba wake, Mbaruku, fundi miwani, mtu mpole mpaka unamhurumia, alisema kazi yake ni kuwasaidia watu kuona mbali, kwa hiyo na yeye ataona mbali.

Sasa siku ikapangwa mara ya tatu, Ijumaa ya mwisho ya mwezi, baada ya sala ya alasiri. Na Mzee Burhani, Mungu amsamehe, alikuwa amemaliza riwaya nyingine.

"Itie chini ya kitanda," Bi Riziki alimwambia. "Mpaka mwanangu aolewe."

"Hii haina ubaya, mke wangu. Ni habari ya koti."

"Koti gani?"

"Koti tu. Mkurugenzi mmoja alitundika koti lake kwenye kiti, akatoka kidogo. Hakurudi. Koti likaendelea na kazi. Likapandishwa cheo."

Bi Riziki alifumba macho. "Ya Rabi. Hiyo ni miaka mitano."

Ndipo Mzee Burhani, kwa hofu ya kukamatwa siku ya harusi, akaamua safari hii atangulie yeye. Aliandika barua serikalini kwa hati nzuri, akaomba wataalamu waisome riwaya yake mapema waseme ni fasihi tu, haimchomi mtu. Sentensi ya mwisho ya barua ndiyo iliyommaliza. Aliandika: "Naomba kazi yangu ifanyiwe uhakiki."

Neno hilo, msomaji, lina milango miwili. Kwa watu wa vitabu, uhakiki ni msomi kukaa na riwaya akaeleza dhamira ni hii na mandhari ni ile. Kwa serikali, uhakiki ni kupita ofisi kwa ofisi kuwasaka wafanyakazi hewa, wale waliomo kwenye orodha lakini hawamo duniani. Barua ilibisha mlango wa pili.

*

Aliyekuja anaitwa Bwana Ligumbo, Mhakiki Mwandamizi, mtu wa bara, mwenye faili, rula, na uso wa mtu aliyekunywa chai bila sukari kwa amri ya daktari. Lakini mstaarabu. Alivua viatu mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeisoma?"

"Nimeihesabu. Ina watu arobaini na mmoja, na koti moja. Sasa mzee, hawa ni akina nani?"

"Wahusika wangu."

Bwana Ligumbo akaandika. "Wanahusika na nini?"

"Hawahusiki na kitu. Ni wahusika tu."

"Mzee wangu, mtu hawezi kuwa mhusika bila kuhusika. Ukurasa wa kumi na saba kuna mwanamke akilia yanamtoka mawe ya chumvi. Kitambulisho chake namba ngapi?"

"Hana. Hayupo. Nimemtunga."

"Hayupo." Kalamu ilisita. "Na wengine wangapi hawapo?"

"Wote."

Jikoni Bi Riziki aliangusha mwiko. Bwana Ligumbo alitabasamu polepole, tabasamu la mtu anayepandishwa cheo akiwa amekaa. "Yaani unakiri, kwa mdomo wako, kwamba una watu hewa arobaini na mmoja?"

"Baba wee," Bi Riziki alisema kutoka jikoni, "huyo ni mwandishi. Ukimhoji hivyo atakwambia na mimi kanitunga."

"Na wewe nitakufikia, mama," alijibu Bwana Ligumbo kwa heshima, akaandika.

Kesho yake redio ikatangaza, kati ya wimbo na vifo: wahusika wote wa riwaya ya Mzee Burhani Kitwana wafike Ofisi ya Uhakiki siku ya Jumatatu, saa mbili asubuhi, na vitambulisho vyao. Asiyefika atachukuliwa hatua.

Mzee Burhani alicheka mpaka kikohozi kikampanda. "Sasa nani atakwenda?"

Hakuijua nchi yake, na ameiandika maisha yake yote. Huku likitoka tangazo wahusika wafike, hakuna anayeuliza kama anahusika. Watu wanauliza foleni inaanzia wapi. Saa moja asubuhi walikuwa mia tatu. Mwanamke wa mawe ya chumvi alikuja kutoka kwenye mashamba ya chumvi aliyonyang'anywa na mwekezaji. Walimwekea beseni wakamwambia alie, akalia, wakapima. Mzee wa ukurasa wa hamsini, aliyehamishwa kupisha barabara mara nyingi hata nyumba yake ikajifunza kutembea, alifika na mlango mgongoni. Aliambiwa aweke mlango chini, akasema hapana, akiuweka chini utapimwa. Kufikia saa ya chai, nafasi zote arobaini na moja zilikuwa zimejaa, kila mmoja na shahidi na alama ya kidole. Waliobaki waliambiwa wasubiri riwaya ijayo.

Koti halikuwapa taabu. Lilikuwa humohumo, ghorofa ya tatu, kwenye kiti cha Mkurugenzi wa Uhakiki. Lilikuwa na faili zuri kuliko wote: halijawahi kuugua, halijawahi kuomba ruhusa, na lina barua mbili za pongezi kwa kutojibizana na wakubwa.

*

Ripoti ilitoka Alhamisi, siku nane kabla ya harusi. Nitaifupisha, maana Kiswahili chake kilivaa tai.

Ilisema kwamba, baada ya uhakiki wa kina, wahusika wote wa riwaya hiyo wamethibitika kuwapo. Matukio yote yamethibitika kutokea, mengine yanaendelea. Kwa hiyo hakuna chochote ndani ya riwaya hiyo kilichobuniwa. Na kwa kuwa hakuna kilichobuniwa, hakuna aliyebuni. Ndugu Burhani Kitwana, anayedai kuwa mwandishi wa kazi ambayo haikuandikwa na mtu bali imetokea yenyewe, ni mwandishi hewa. Jina lake lifutwe katika orodha zote.

Likafutwa. Nchi hii inaweza kukaa miaka kumi haijachimba choo cha shule, lakini kufuta jina ni dakika. Mzee alikwenda na kitambulisho chake dirishani. Binti wa dirishani alikitazama, akamtazama, akasema, "Pole, babu, huyu hayupo."

"Si ndiye mimi?"

"Ndiyo maana nikakupa pole."

Jina lake Burhani, yaani ushahidi. Majirani tulimtania kwa hilo siku mbili nzima. Ya tatu hatukumtania, maana tulimkuta amekaa kizingitini amevaa fulana ndani nje, anaitazama mikono yake.

Akapiga simu nje, kwa wale waliomwita bingwa wakampa na tuzo. Walishangilia. Walimpigia makofi kwenye simu, tuliyasikia sote.

"Nimefutwa!" alipiga kelele. "Sipo! Nisaidieni!"

"Ajabu!" sauti ikasema. "Mwandishi anaingia mwenyewe ndani ya riwaya yake! Hili hakuna aliyelithubutu!"

"Jamani, binti yangu anaolewa Ijumaa!"

"Na mwisho wenyewe ni harusi! Burhani, wewe ni hatari!"

Wiki ileile magazeti ya huko yakaandika kwamba bingwa amevuka mpaka kati ya maisha na sanaa. Lilikuwa jambo la kweli. Alivushwa.

*

Kadhi wa mtaa wetu, Sheikh Abubakari, alikaa na Mzee Burhani dawati moja chuoni, wakachapwa fimbo moja. Alimkaribisha vizuri, akamtilia kahawa, akamwonyesha fomu mpya.

"Unaona hapa, ndugu yangu? Walii sharti awe amehakikiwa."

"Abu, unanijua."

"Nakujua. Nakujua mpaka kovu la goti. Lakini fomu haina mahali pa kuandika nakujua."

"Basi andika baba wa Saumu."

"Baba wa Saumu hayupo, Burhani. Na wewe huna mtoto wa kiume, huna kaka, huna ami. Mwanamke asiye na walii, walii wake ni mwenye mamlaka. Zamani alikuwa ni mimi. Sasa wamebadilisha." Sheikh alishindwa kumtazama. "Serikali italeta mwakilishi wake. Nimeandikiwa atakuwa Mkurugenzi wa Uhakiki."

Bwana Ligumbo ndiye aliyekuja kujaza fomu hiyo. Alipofika pale palipoandikwa kwa makosa ya chapa "Aina ya wali," aliuliza kwa dhati kabisa, "Wa nazi au mweupe?" Bi Riziki akamwambia, "Wa machozi." Akaandika.

Saumu hakulia. Alimwambia baba yake, "Tusogeze mbele tena." Mzee Burhani akamtazama, mwenye miaka thelathini na mmoja, kanga za harusi mara tatu zimekunjwa na kukunjuliwa, akasema, "Hapana, mama. Nikiwa ndani nilikuwa na siku ya kutoka. Hii haina." Akavaa kanzu, akaenda mjini, ghorofa ya tatu.

Katibu muhtasi wa Mkurugenzi alikuwa mama mmoja mnene, mkarimu, anafuma kitambaa cha meza.

"Mkurugenzi nimemkuta?"

"Bosi katoka kidogo. Koti lake lipo. Karibu ukae."

"Katoka tangu lini?"

"Mimi nina mwaka wa kumi na moja hapa, nimemkuta katoka."

Mlango ulikuwa wazi. Koti lilikuwa la kijivu, bega la kushoto limepauka kwa jua la dirishani, mfuko wa juu una kalamu tatu. Mzee Burhani alilitambua mara moja. Aliliandika hivyohivyo, hadi kifungo cha pili kilichokatika. Alivuta kiti akakaa mbele yake, akavua kofia.

"Mheshimiwa," alisema. "Mimi sitaki kurudishwa kwenye orodha. Nibaki hewa. Sitaandika tena. Ninaomba kitu kimoja, unipe uwakala wa Ijumaa tu. Sheria inaruhusu walii kuwakilishwa na mtu. Niseme maneno yale mimi, kwa jina lako. Dakika mbili. Halafu nitoke."

Koti lilimsikiliza. Wote waliowahi kupeleka shida pale wanasema hivyohivyo, kwamba linasikiliza vizuri.

"Nilikuandika vibaya," Mzee aliendelea. "Nilikufanya uchekwe. Nisamehe. Sikujua una madaraka kiasi hiki."

Upepo uliingia, mkono mmoja wa koti ukatikisika. Mzee akanyoosha wake kuupokea. Katibu muhtasi alichungulia. "Huo ni upepo, babu. Hata mimi mwanzo nilidhani amenisalimia." Akamgongea barua muhuri wa IMEPOKELEWA na kumwambia arudi baada ya siku tisini.

*

Ijumaa, baada ya alasiri, uani kwa Bi Riziki, mikeka imetandikwa, wanaume wamekaa, pilau inanukia mpaka mtaa wa tatu. Gari la serikali lilisimama na bendera yake. Bwana Ligumbo alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akatoa kiti cha ofisi na koti likiwa limevikwa juu yake. Mikeka ni ya kuvua viatu, basi akapangusa miguu ya kiti kwa leso, mmoja mmoja, yote minne, ndipo akakiweka mbele ya kadhi. Tulisimama kwa heshima. Tungefanyaje?

Mzee Burhani alikaa nyuma, karibu na mlango kama kawaida yake. Kwa orodha hakuwapo, kwa hiyo hakuhesabiwa sahani.

Sheikh Abubakari akasoma khutba ya ndoa. Akafika pale. "Walii na bwana harusi, shikaneni mikono."

Mbaruku alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akanyoosha mkono, akashika ncha ya mkono wa koti, ambayo ilikuwa bapa kama bahasha isiyo na barua.

"Walii atamke," alisema Sheikh.

Kimya. Ndani, nyuma ya pazia, wanawake walikuwa wameshika pumzi na vigelegele vyao. Bwana Ligumbo alitazama saa. Akainama, akaliambia koti taratibu, "Mheshimiwa, ni wakati."

"Asipotamka hakuna ndoa," Sheikh alisema, na safari hii alimtazama Burhani usoni.

Na hapo ndipo tulipomwona mzee wa miaka sabini na mmoja akija kwa magoti na viganja kati ya wageni, huku akisema samahani, samahani, mpaka nyuma ya kile kiti. Hatukufanya lolote. Tuligeuza nyuso, jambo pekee tunaloliweza. Alipiga goti, akaingiza mkono wake wa kulia begani mwa koti, akausukuma mpaka vidole vikatokea mwisho wa mkono wa koti. Vilikuwa na wino. Mbaruku alishtuka, kisha akavishika kwa mikono yake yote miwili.

"Nimekuozesha," lilisema koti, na sauti ilikuwa na kikohozi ndani yake, "binti yangu, Saumu."

"Nimekubali," alisema Mbaruku, akilia.

Vigelegele vilipasuka. Nyuma ya pazia Saumu alisema, "Ni yeye," akarudia, "ni yeye." Na Bwana Ligumbo, ambaye hakuona mtu, kwa sababu mtu huyo hakuwamo kwenye orodha yake, aliandika: *Koti limetamka. Hakuna hitilafu.*

Laiti ingeishia hapo. Lakini mkurugenzi aliyetamka hadharani si wa kuachwa ale pilau na raia. Bwana Ligumbo akapiga saluti, dereva akakamata kiti mbele, yeye akakamata nyuma. Mzee Burhani akajaribu kuutoa mkono. Bitana ilikuwa imechanika ndani, kidole kikanasa.

"Subirini," alisema.

"Mheshimiwa kasema tusubiri?" aliuliza dereva.

"Mheshimiwa kwa kawaida hasemi," alijibu Bwana Ligumbo. "Amechoka. Twende."

Wakamtia garini na koti lake, na bendera. Bi Riziki alikimbia nyuma ya gari na makubadhi ya mumewe mkononi, akaita, "Mna mtu humo! Mna mtu humo!" mpaka kona ya msikiti. Gari halikusimama. Kwa taarifa alizokuwa nazo dereva, halikuwa na mtu.

*

Koti limepandishwa cheo tangu hapo, ndilo pekee serikalini linalokohoa. Wenye shida wameongezeka, maana imevuma kwamba siku hizi linajibu. Linajibu kweli. Linasema pole. Zaidi ya hapo halina uwezo, muhuri anao katibu muhtasi na faili zinasainiwa juu zaidi, kwenye ofisi ambayo nayo bosi wake katoka kidogo. Kuandika haliwezi, kwani mkono wa kulia ndio ulionasa, na fundi wa kushona bitana anasubiri kibali cha koti.

Mwezi uliopita Saumu alikwenda na mtoto wake, wa miezi mitatu. Nilimsindikiza mimi. Katibu muhtasi alifurahi, akamnyanyua mtoto, akamtemea mate ya baraka, kisha akasukuma daftari la wageni mbele.

"Jaza hapa, mwanangu. Unayekuja kumwona, na uhusiano."

Saumu akaandika: *Baba*.

Mama yule aliisoma, akakuna kichwa kwa sindano ya kufumia. Hakuwa mtu mbaya, nasema tena. "Baba hayumo kwenye orodha," alisema polepole. "Wataniuliza nimemwingiza nani. Andika koti, mwanangu, uingie."

Kutoka ndani tulisikia kikohozi.

Saumu alikata neno lile kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika *koti*, akampakata mtoto vizuri, akaingia.